Wenye Baa, Fungueni Mlango wa Nyuma!

Leo nataka tuzungumze habari za kufuli. Silitaji kama mfano wa siasa. Nasema kufuli la chuma, la kununuliwa dukani, nililoliona kwa macho yangu likining'inia katika mlango wa nyuma wa baa moja, Jumamosi saa tatu na nusu usiku, watu wamejaa humo ndani hata waliochelewa wamekalia makreti ya bia.

Sikwenda pale kunywa. Nilikuwa katika safari ya kutembelea matawi, na mzee mwenyekiti wa tawi lile alitaka tukutane hapo kwa kuwa jengo ni mali ya tawi. Naam, msomaji, umesoma sawasawa. Ukumbi ule ulijengwa na wanachama kwa nguvu zao, kina mama wakibeba maji na mchanga vichwani, ili pawe mahali pa mikutano. Baadaye mikutano ikapungua, bili ya umeme ikazidi, ukumbi ukapangishwa kwa mfanyabiashara, naye akaugeuza baa. Na hilo sina ugomvi nalo. Kodi yake ndiyo inayonunua karatasi za ofisi, ndiyo inayomlipia katibu nauli akiitwa wilayani, na ndiyo inayotoa sanda mwanachama akifa hana kitu. Ugomvi wangu ni juu ya kufuli.

Nilimwuliza mhudumu, binti wa miaka ishirini na kitu: "Dada, ufunguo wa mlango huu uko wapi?"

"Anao meneja, kaka."

"Na meneja yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, amefuata soda."

Basi nikaanza kutazama kila kitu kwa jicho jingine. Watu walikuwa zaidi ya mia. Mlango wa mbele ni mmoja, upana wake kama wa chumba cha kulala, nao hufunguka kwa ndani. Madirisha ni manne, na yote yamechomelewa nondo. Ukutani nyuma ya spika wamebandika sponji la magodoro ili muziki usiwasumbue majirani. Jiko la chipsi liko hatua mbili kutoka mlango huo huo wa mbele, mafuta yanachemka, mtungi wa gesi umelala chini ya meza. Chooni, karibu na jenereta, pana dumu la petroli. Waya mmoja wa ekstensheni unalisha friji mbili, televisheni na feni. Nikauliza kama upo mtungi wa kuzimia moto. Wakanionyesha: umetundikwa nyuma ya kaunta, juu yake wametundika kalenda, na nilipoifunua kalenda nikakuta mshale wa kipimo umelala kwenye rangi nyekundu, maana yake mtungi ni mtupu.

Na juu ya kaunta, ndani ya fremu safi ya kioo, iko leseni ya vileo, na kando yake cheti cha usalama wa moto. Zote mbili hazijaisha muda. Ukimleta mkaguzi wa karatasi, baa ile haina kosa.

Kwa nini mlango wa nyuma umefungwa? Niliuliza, wakaniambia bila kuficha: wateja hutoroka na bili. Mtu anakunywa chupa sita, anajidai anakwenda chooni, anapita nyuma, ndiyo kwaheri. Na hapa pana jambo ambalo wanywaji wengi hawalijui. Hasara ile haimpati mwenye baa. Bili ya mtoro hukatwa katika mshahara wa yule mhudumu aliyempelekea chupa. Binti analipwa kidogo, na wakitoroka watu watatu kwa mwezi mshahara wake ni hewa. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulitetea kufuli. Alinitazama kama mtu anayetaka kumnyang'anya chakula chake, na hakika alikuwa na haki ya kunitazama hivyo. Tajiri amejitoa katika hasara, akamwachia mfanya kazi alinde, na mfanya kazi hana ulinzi mwingine ila kuwafungia watu mia ndani ya nyumba moja na mafuta yanayochemka.

Mlango unaofungwa ili bili isitoroke si jambo jipya duniani. Sisi si wa kwanza kulibuni, na waliotutangulia walilipa gharama yake. Katika mji wa Boston, Marekani, usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, klabu iliyoitwa Cocoanut Grove ilishika moto. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua watu 460. Usiku ule walikuwamo kiasi cha 1,000. Moto ulianza katika baa ya chini ya ardhi, ukashika mapambo ya minazi ya bandia na vitambaa vya dari, na kwa dakika chache tu ukaenea jengo zima. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, watu wakausukuma kutoka pande mbili ukakwama, na maiti zikarundikana nyuma yake. Milango mingine ilikuwapo. Baadhi ilikuwa imefungwa kwa kufuli na makomeo, na mwingine ulifunguka kwa ndani, yaani kadiri watu walivyousukuma ndivyo walivyojifungia wenyewe. Walikufa watu 492.

Siku nane kabla ya hapo mkaguzi wa zimamoto alikuwa amepita katika klabu hiyo na kuandika kwamba hali ni nzuri.

Nataka wenye baa waisome vizuri sehemu inayofuata. Siku za kwanza lawama zote ziliangukia mtoto wa miaka 16 aliyekuwa akifanya kazi humo ya kuondoa vyombo mezani. Aliagizwa arudishe balbu katika tundu lake penye giza, akawasha kiberiti apate kuona. Yeye mwenyewe alikuja kusema hivyo, hakujificha. Mji mzima ukamnyoshea kidole. Uchunguzi ulipokwisha, hakuonekana na hatia, na chanzo cha moto kikaandikwa kuwa hakijulikani. Aliyetiwa hatiani ni mwenye klabu, Barnett Welansky. Naye usiku ule hakuwapo hata mlangoni. Alikuwa amelazwa hospitali, mgonjwa wa haki. Wakili wake alisema: mtu aliye kitandani hospitali ataua watu vipi? Mahakama Kuu ya jimbo la Massachusetts mwaka 1944 ikakataa hoja hiyo. Ilisema kwamba aliyewakaribisha watu ndani ya nyumba yake ya biashara ana wajibu wa kuwalinda, na kwamba kuacha kutimiza wajibu huo kwa kutojali ni kosa sawa na kutenda kwa mkono. Akafungwa miaka 12 hadi 15. Alisamehewa mwaka 1946 akiwa na saratani, na aliyemsamehe alikuwa gavana ambaye, moto ulipotokea, ndiye aliyekuwa meya wa Boston. Sisi watu wa siasa tulitafakari hilo kwa nafasi yetu.

Mtu atasema hayo ni mambo ya zamani. Haya, twende mbele. Tarehe 27 Januari 2013, katika mji wa Santa Maria, nchini Brazili, bendi iliwasha fataki ndani ya klabu iitwayo Kiss. Cheche zikashika sponji la kuzuia sauti lililokuwa darini. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Walinzi mlangoni wakawazuia watu wa kwanza kwa kuwa walidhani wanakimbia bili. Wakafa watu 242, walio wengi vijana wa chuo kikuu. Na Afrika yetu haikusazwa: tarehe 23 Januari 2022, huko Yaoundé, Kameruni, fataki za kusherehekea zilichoma dari la klabu ya usiku, na watu wasiopungua 16 wakapoteza maisha. Siku hizi hata huku kwetu mteja akinunua chupa ya bei kubwa huletewa na fataki inayorusha cheche juu ya shingo ya chupa, wenzake wanapiga makofi na kupiga picha. Nimeiona hiyo katika kumbi zenye dari za vitambaa. Nimeiona pia katika baa iliyoezekwa kwa makuti, na hapo nilisimama nikatoka nje.

Wengi hudhani mtu aliyefia katika moto ameungua. Mara nyingi sivyo. Moshi humfikia kabla ya moto. Moshi hupanda darini, hujaa kuanzia juu ukishuka, na katika ukumbi mdogo wenye sponji haichukui hata dakika mbili kufika usawa wa pua. Ndani ya moshi huo mna hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Sponji likiungua huongeza na sumu ya sianidi. Mtu huvuta pumzi chache, miguu hulegea, hukaa chini kama mtu aliyechoka. Umeme nao hukatika, giza likawa totoro. Na kila mtu, awe mwerevu au mjinga, hukimbilia mlango alioingilia, kwa sababu ndio aujuao. Ndiyo maana mlango wa pili hausaidii kitu kama haujulikani, hauna taa yake, au umezibwa kwa makreti matupu.

Ongezeni sasa pombe juu ya hayo. Mtu aliyelewa huchelewa kusikia harufu, huchelewa kuamini, huinuka akaanguka, hubishana na anayemwambia atoke. Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana ndipo ulipo msingi wa maneno yangu yote. Anayeuza nguo au sukari huuza kwa mtu mwenye akili zake zote. Nyumba ikishika moto, mteja huyo atajiokoa mwenyewe kadiri awezavyo. Anayeuza pombe huuza kitu ambacho, kwa kazi yake hasa, humpunguzia mnunuzi uwezo wa kujiokoa. Kila chupa inayofunguliwa, sehemu ya akili ya mteja imewekwa rehani kwa mwenye baa. Fedha amepokea. Basi na dhamana ameipokea. Katika nyumba ile, saa tano za usiku, mwenye akili timamu ni yule aliye nyuma ya kaunta, na leseni iliyotundikwa ukutani inasema hivyo hata kama haikuandikwa.

Lakini sisi hatuisomi hivyo, na tuna historia ya kutoisoma hivyo. Wakoloni walipoanzisha leseni za pombe katika nchi zetu hawakuwa wakifikiri usalama wa mnywaji wa Kiafrika. Walifikiri mambo mawili: fedha na utulivu. Kwa miaka mingi Mwafrika alikatazwa kabisa kununua pombe kali ya Kizungu, na hata pombe yake ya kienyeji aliruhusiwa kuinywa mahali palipochaguliwa na mtawala, chini ya macho ya askari. Huko Nairobi, tangu miaka ya 1920, halmashauri ya mji yenyewe ilikuwa muuzaji wa pombe Pumwani, na faida ikaingizwa katika mfuko wa mambo ya wenyeji. Yaani Mwafrika alijilipia huduma zake kwa kulewa. Katika mpango kama huo leseni ni risiti. Umelipa, umepewa, nenda kauze.

Tulipopata Uhuru tuliitunga Sheria yetu ya Vileo, ya mwaka 1968, ikaondoa ubaguzi. Hata hivyo kazi kubwa ya leseni ikabaki kuamua nani auze, auze wapi, na saa ngapi. Baadaye, mwaka 2007, ikaja Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, iliyowapa askari wa zimamoto nguvu ya kukagua majengo na kutoa vyeti. Sheria hiyo ni njema na ninaiunga mkono. Lakini waulizeni wenye baa cheti ni kitu gani, watawaambia ni ada. Na tukisema kweli tupu, wako wakaguzi wachache ambao nao hukiona hivyo hivyo: hufika mchana, baa ikiwa tupu, mlango wa nyuma umefunguliwa ili sakafu ioshwe, huandika, hupokea risiti zao, huenda zao. Kufuli hurudi jioni. Sisemi wote. Askari wa zimamoto wanaoingia motoni na vifaa pungufu ni watu wa kuheshimiwa kuliko wengi wetu tunaohutubia. Nasema ukaguzi wa baa mchana ni kama kumpima mgonjwa wa homa siku aliyopona.

Tena tusidhani ubovu huu ni wetu peke yetu. Mwezi Machi 2025, katika mji wa Kočani, nchi ya Masedonia Kaskazini, klabu iliungua wakafa karibu watu 60, nayo serikali yao ikatangaza kwamba leseni ya klabu hiyo ilipatikana kwa njia zisizo halali. Ulaya hiyo.

Wapo waliolifikiri jambo hili vizuri zaidi, na mtu haoni aibu kuazima jembe zuri la jirani. Uingereza ilikuwa na utaratibu wa vyeti vya zimamoto kama huu wetu. Kwa amri iliyotungwa mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2006, England na Wales walivifuta vyeti hivyo, wakasema wajibu ni wa yule anayelitawala jengo. Yeye mwenyewe apime hatari zilizomo na aziondoe, wala hawezi kujificha nyuma ya karatasi ya mkaguzi. Mkaguzi akija, haji kumpa baraka. Huja kumwuliza amefanya nini. Sisemi tuvifute vyeti vyetu kesho. Nasema wazo lile ni la haki: mwenye kupata faida ndiye mwenye kubeba wajibu.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha yasikia.

La kwanza hutoka kwa wacha Mungu, na limo hata katika chama chetu. Husema: hao ni walevi, wamejitakia. Ndugu yangu, mimi mwenyewe sinywi, lakini jibu hilo halinipi raha. Binti aliyenijibu pale kaunta hakuwa amekunywa. Anayekaanga chipsi hanywi akiwa kazini. Mama anayeosha glasi nyuma ana mtoto mgongoni. Na nyumba zetu zimebanana. Baa ikiwaka saa sita za usiku, wa kwanza kuamka ni jirani aliyelala na wanawe baada ya kuswali. Isitoshe, kumbi hizi hizi za pombe ndizo zinazogeuzwa kumbi za watoto siku za sikukuu. Tabora, siku ya Idi, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Hapakuwa na moto hata cheche. Je, na wale walikuwa walevi?

La pili ni la wenye baa wadogo, wenye grosari na vilabu vya pombe za kienyeji. Husema: tutatoa wapi fedha? Nalisikiliza hilo, kwa kuwa mama anayeuza mbege au komoni chini ya paa la bati si bepari. Lakini tazama nilichokiona: kulifungua kufuli hakuna bei. Kuihamisha meza ya chipsi kutoka mlangoni ni kazi ya watu wawili, dakika kumi. Mtungi wa gesi ukitolewa nje na kusimamishwa wima, mpira wake ukapitishwa ukutani, gharama yake ni ndogo, na faida yake ni kubwa, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, hulala sakafuni ikingoja cheche. Kifuniko cha sufuria kilichowekwa karibu na jiko huzima mafuta yanayowaka. Ndoo ya maji huyarusha mafuta hayo hadi darini, na bado ndoo ya maji ndiyo nilioneshwa. Petroli haina haja ya kulala ndani. Chupa za pombe kali zisipangwe karibu na jiko wala mishumaa: bia haiwaki, lakini kinywaji cha nguvu ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto tangu joto la nyuzi 26, na pwani nyuzi 26 tunazo usiku wa manane. Nondo zibaki, wezi wapo; ila dirisha moja au mawili yatiwe bawaba na komeo la kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Fundi wa kuchomelea wa mtaani aifanya kazi hiyo asubuhi moja.

Kinachogharimu kweli ni kuhesabu watu na kuwakataa waliozidi, hasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hapo mwenye baa anapoteza fedha, na hapo ndipo twajua kama ni mwungwana.

Na kuhusu bili zinazotoroka, dawa yake ipo na ni rahisi mno hata yaaibisha: mteja alipe chupa inapofika mezani. Baa nyingi zafanya hivyo leo, na simu ya mkononi imerahisisha. Mteja akilipa kwanza, kufuli halina kazi tena, na mshahara wa binti unabaki salama. Mwenye baa akikataa kulipwa kwanza kwa kuwa wateja wakubwa hupenda kuandikiwa, basi hasara ya mtoro iwe yake yeye. Chama cha wananchi kisichoweza kumtetea mhudumu wa baa katika jambo dogo kama hili, sijui kitamtetea mkulima wa pamba kwa namba gani.

La tatu ndilo baya zaidi. Husema: hiyo ni kazi ya serikali, zimamoto wapo, namba yao ni 114. Ni kweli, namba ni 114, na kila mhudumu aijue kama ajuavyo bei ya bia. Lakini gari lao lina barabara ya kupita, lina foleni, lina uchochoro uliojengwa hadi njiani. Nimeeleza kwamba moshi wa sponji hautoi dakika mbili. Hakuna nchi duniani, hata iliyo tajiri, ambayo gari lake la zimamoto hufika kwa dakika mbili. Dakika hizo mbili ni mali ya mwenye baa na watu wake. Wamefundishwa kupiga kelele "Tokeni"? Nani azime muziki na kuwasha taa? Nani afungue mlango wa nyuma, nani aende chooni kuwatoa walioko huko? Mambo haya hufundishwa kwa nusu saa, kabla ya kufungua, na kurudiwa kila anapoajiriwa mtu mpya. Chuoni tulipofundishwa ualimu tulifanyishwa zoezi la kuwatoa watoto darasani kwa mstari, nasi tukalicheka. Sasa silicheki.

Narudi kwa ukumbi wetu. Usiku ule nilimsubiri meneja mpaka akarudi, akalifungua kufuli mbele yangu, tena kwa heshima, kwa kuwa alijua mwenye nyumba ni nani. Nikamshukuru. Baada ya wiki mbili nikapita tena njia ile usiku. Kufuli limerudi, na safari hii ni jipya.

Nikaenda kwa mzee mwenyekiti nyumbani kwake. Nikampa shikamoo, akaniketisha, akanipa chai. Nilimweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kijana wangu, ukimbana sana huyu atahama. Na ukivunja ule ukuta wa nyuma uupanue mlango, miezi miwili hatuna kodi. Mwezi uliopita tumezika watu wawili." Mzee yule si mtu mbaya. Ni mmoja wa waliofyatua matofali ya jengo lile, nami nilikuwa sijazaliwa. Alinieleza hesabu ya tawi kama ilivyo, na hesabu ile ni ya kweli.

Lakini hesabu hiyo inatufanya sisi kuwa nini? Tukipanda jukwaani twawaita wenzetu wanyonyaji kwa kuwa wanatanguliza faida mbele ya uhai wa watu. Kodi ya jengo lile inatoka wapi? Inatoka katika bia za Jumamosi, zile zinazouzwa mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Sehemu ya kila chupa inaingia katika sanduku letu. Kama mahakama ya Boston ilimfuata mwenye klabu hadi kitanda cha hospitali, mwenye jengo atasema alikuwa wapi? Mikataba ya upangaji niliyoisoma, na nimesoma kadhaa katika matawi mbalimbali, inataja tarehe ya kodi, inataja rangi ya kupaka nyumba, inakataza kubandika picha za vyama vingine ukutani. Habari ya moto haimo hata mstari mmoja.

Kwa hiyo nimeandika hoja, na nimeikabidhi kwa katibu wa tawi hilo kwa utaratibu wetu. Inataka mlango wa nyuma upanuliwe na ufunguke kwa nje, bila kufuli wakati wowote watu wakiwa ndani. Inataka mpangaji asamehewe kodi ya mwezi mmoja ili agharimie kazi hiyo, na mwezi wa pili agharimie mwenyewe. Sponji liondolewe, na jiko litoke mlangoni. Mkataba uandikwe upya, na ndani yake iwemo idadi ya watu ambao ukumbi utachukua, pamoja na sharti kwamba bili ya mtoro haikatwi katika mshahara wa mfanya kazi. Wajumbe wawili wa tawi, mmoja wao mwanamke, wapite usiku bila taarifa, mara moja kila mwezi, si mchana. Fedha za mazishi katika mwezi huo mmoja tuzichange wenyewe, nami nimeandika jina langu la kwanza katika karatasi ya mchango.

Matawi mengine yenye majengo yaliyopangishwa baa, nanyi mnajijua, msingoje kuandikiwa barua. Mkutano wa tawi hili ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nne za asubuhi, humo humo ukumbini kabla baa haijafunguliwa. Mzee mwenyekiti amekubali hoja isomwe. Fundi wa kuchomelea ameombwa afike na kipimo chake.